Jumamosi Mdomo Haupigwi

Barua iliyonipa habari ya kifo cha Ndahani ilikuwa na makosa ya herufi, na mimi, Mungu anisamehe, nilikwisha kuyasahihisha kwa kalamu kabla sijaelewa kwamba rafiki yangu amekufa. Ndivyo nilivyo. Watu wengine wakipata msiba hulia, wengine hunyamaza. Mimi hutafuta palipokosewa nukta. Mke wangu aliniona nimeinama juu ya ile karatasi, akaniuliza kuna nini, nikamjibu kwamba mtu wa Makutupora ameandika "amefaliki" badala ya "amefariki". Akauliza, nani? Hapo ndipo nikakaa chini.

Wasomaji wanaonifahamu gazetini wamezoea nikiwacheka makarani, waganga wa mjini, na mara nyingi mimi mwenyewe, kwa sababu mimi ndiye mtu pekee asiyeweza kunishitaki. Sura hii sijui kama itamchekesha mtu. Ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokaa na Ndahani katika shule ya makarani ya Wadachi, ndio Wajerumani, pale Dodoma, wakati reli ilikuwa bado ngeni na watoto wakiinama kuweka sikio juu ya chuma wasikie kama kinasema. Habari za wazazi wangu nitaziruka. Walikuwa wakulima wa Busi, huko Kondoa, watu wema, na hawana hatia katika mambo haya.

Tulilala katika tembe, nyumba ndefu ya Kigogo yenye paa bapa la udongo, ambayo Wadachi waliikuta imejengwa, wakaipaka chokaa na kuiita bweni. Mchana mbuzi wa mpishi walipanda juu ya paa hilo, na kila walipotembea vumbi lilitushukia shingoni na kwenye wino. Chakula kilikuwa uji wa uwele asubuhi, na ugali wa uwele kwa mlenda jioni, na kama ng'ombe amechinjwa bomani tulipata mchuzi uliokuwa umepita karibu na nyama. Maji ya kisima yalikuwa na chumvi, kwa hiyo mpishi hakuona sababu ya kuongeza nyingine. Sisi tuliotoka Kondoa tuliona tumefika jangwani. Wanafunzi wa Kigogo, ambao walikuwa wengi, walituambia kwamba hilo ndilo bonde lenye rutuba, tungoje mpaka tuone kwingine.

Ndahani alilala karibu yangu. Alikuwa kijana mrefu, mweusi wa kung'aa, na ndewe zake zilikuwa zimetobolewa na kupanuliwa kama desturi ya kwao. Vijana wa Kiswahili kutoka pwani walizicheka. Yeye alichukua penseli akaipachika katika tundu la sikio, akawaambia, ninyi mnahangaika kutafuta mfuko, mimi nimezaliwa kwa watu wenye akili. Tangu siku hiyo penseli yake haikukaa pengine, na kabla ya mwaka kwisha baadhi ya wale waliomcheka walikuwa wakiiazima kwake. Mimi aliniita "Mrangi", hata mbele ya walimu, na nilipomwambia kwamba nina jina la Kiislamu alilonipa babu yangu, alisema atalitumia siku nitakapoweza kukamua ng'ombe bila kumwomba radhi.

Mkuu wa shule mwanzoni mwa mwaka ule alikuwa Mdachi kijana, mwembamba, mwenye macho mekundu ya kusoma sana. Alikuwa amejifunza Kiswahili kwa kitabu huko kwao, na neno alilolipenda kuliko yote lilikuwa "labda". Labda leo tutasoma hesabu. Labda ninyi mmekwisha kula. Tulimwita Bwana Labda, na nadhani alijua, na nadhani hakuchukia. Huyu Bwana Labda alikuja na fikira ambayo sijui aliitoa wapi, maana haikuwa katika mizigo ya Wadachi wengine niliowafahamu. Alisema kwamba katika vyuo vikubwa vya kwao wanafunzi wana haki ya zamani ya kusema fikira zao, na mtu hachapwi kwa alilolisema. Akaona na sisi tuliokuwa tukifundishwa kuandika maneno ya wengine lazima tuwe na saa moja ya kusema ya kwetu. Akaiweka katika ratiba na kuibandika mlangoni: Jumamosi, saa nne, kusema. Kisha akatukusanya ili atueleze mwenyewe, kwa Kiswahili chake cha kitabu, na akatangaza kwa furaha kwamba Jumamosi, labda kuanzia hii, kila mwanafunzi atapata haki yake.

Hapo lazima nimweleze msomaji kijana jinsi neno hilo lilivyotumika Dodoma siku zile. Mtu aliyepelekwa bomani kwa kosa, askari alimwambia njiani, "Leo utapata haki yako," na haki yenyewe ilikuwa hamsa ishirini, fimbo ishirini na tano za kiboko zilizojulikana kwa jina hilo hata kwa mtu asiyejua kuhesabu. Wengi wa wenzetu Kiswahili walikisikia kwanza kwa askari, na haki walijua ilivyo: hupokelewa ukiwa umelala kifudifudi. Kwa hiyo Jumamosi ilipofika, Bwana Labda aliingia darasani akakuta nusu ya madawati matupu. Waliobaki walikuwa wamevaa kila nguo waliyokuwa nayo, mmoja amejifunga ngozi ya mbuzi ndani ya shuka. Alituuliza kwa upole nani anataka kuwa wa kwanza. Mmoja akaanza kulia.

Mimi ndiye niliyeyatengeneza mambo hayo, na niliyatengeneza kwa majivuno makubwa. Nilikuwa na Kidachi kidogo, nilichojifunza kwa kumbebea vitabu mtu wa misheni, na Kiswahili changu kilikuwa safi kuliko umri wangu. Nilimweleza Bwana Labda neno lake limeingia kwa mlango gani. Akawa mwekundu mpaka masikioni, akaniomba niwaambie wenzangu kwa namna watakayoelewa. Nikasimama mbele ya darasa nikawaambia: mkono unaweza kupigwa ukiiba, mgongo unaweza kupigwa ukitoroka, lakini Jumamosi mdomo haupigwi. Waliupenda msemo huo. Waliurudia kwa Kigogo na kwa Kirangi, waliuimba wakichota maji, na waliotoroka waliitwa warudi kwa maneno hayo hayo. Bwana Labda alinifanya mkalimani wa saa ile. Nilitembea siku nyingi nikidhani nimeleta sheria kutoka mlimani kama nabii, nikisahau kwamba nabii huulizwa pia sheria ikivunjwa.

Zilikuwa Jumamosi nzuri. Mmoja alisema mlenda una mchanga, na mpishi akapewa ungo mpya. Mwingine aliuliza kwa nini tufundishwe majina ya mito ya Udachi na hatufundishwi ya kwetu. Bwana Labda akasema labda ni kweli, na kwa kuwa Ugogo hauna mito mingi, somo hilo tulilimaliza mapema. Ndahani alikuwa msemaji kuliko wote. Aliomba wanafunzi wa Kigogo waruhusiwe kwenda makwao mvua za kwanza zitakaponyesha, maana huko mbegu haingoji shule ifungwe, na mvua ikikukosa mara moja umekosa chakula cha mwaka. Aliruhusiwa. Alipotoka darasani siku ile alinishika bega akasema, "Mrangi, kumbe ukisema wanasikia." Alisema kama mtu aliyegonga mwamba akaona maji.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Kombo, mtu wa Pangani, hakufurahishwa. Alikuwa akiitwa bomani siku za mashauri kuwa mkalimani, na kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka mingi. Jiko lake na bweni letu vilitengwa na ukuta mwembamba wa udongo, na mimi niliyelala kando ya ukuta nilikula wali wake kwa masikio. Siku moja alasiri nilimsikia akimweleza mkewe kwamba mzee mmoja amemtukana bwana shauri tusi zito la kumhusu mama yake, naye Mwalimu akageuza akamwambia Mdachi kwamba mzee anaomba mvua. Mkewe akauliza, na Mdachi akimpa mvua je? Mwalimu akacheka. Kisha sauti yake ikabadilika, akasema kwamba mkalimani ni chujio. Anayesema ana hasira, anayesikia ana kiboko. Wewe uliye katikati, ukipitisha kila kitu kama kilivyo, hukutafsiri, umeua. Nilimdharau. Nilikuwa na sarufi na sikuhitaji chujio.

Kabla ya mvua Bwana Labda alishikwa na homa. Tulimpeleka stesheni akiwa amebebwa kwenye kitanda cha kamba, na alipopandishwa ndani ya behewa aliinua mkono akasema labda atarudi. Aliyekuja mahali pake alitumwa na boma kushika shule kwa muda, mtu mnene aliyekuwa mwanajeshi, ambaye kazi ya kwanza aliyoifanya ilikuwa kumnyang'anya mtumishi kengele na kuipiga mwenyewe. Tukamwita Bwana Kengele. Hakuwa mtu wa hasira. Nalisema hili kwa makusudi, kwa sababu ingekuwa rahisi kwangu kumfanya shetani. Alikuwa mtu wa ratiba. Kama ratiba ingesema Jumapili tule mawe, angekaa mezani wa kwanza. Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: njoo, kaa, beba, kimya.

Alifundisha mwandiko. Kila asubuhi aliandika ubaoni maneno mafupi, nasi tuliyanakili mpaka karatasi ijae. Maneno alikuwa nayo tayari katika kijitabu alichokuja nacho, lakini ikimpendeza aliongeza yake. Wiki yake ya kwanza tuliandika kwamba saa ni mali. Wiki ya pili aliandika ubaoni, kwa herufi nzuri mno, nasema kweli, sijaona M nzuri kama ile: "Mgogo hapendi kazi."

Nilichovya kalamu nikaandika. Sikuwa Mgogo. Niliandika ukurasa mzima na herufi zangu zilisifiwa, zikaonyeshwa darasani. Nilipogeuka kumtazama Ndahani, nilitaka aone. Karatasi yake ilikuwa nyeupe, penseli ipo sikioni, naye alikuwa akiutazama ubao kama mtu anayesoma jina lake katika orodha ya wafu. Kesho yake maneno yalikuwa yale yale, kwa sababu Bwana Kengele alikuwa ameona wengine hawakuyamaliza.

Ijumaa tulikuwa tukifua kando ya kisima. Ndahani alikamua shuka lake muda mrefu kuliko lilivyohitaji, kisha akaniuliza, "Mrangi, Jumamosi bado ipo?"

Nilijua anauliza nini. Nilijua pia, mahali fulani chini ya majivuno yangu, kwamba aliyetupa ile saa alikuwa amelala na homa pwani, na kwamba karatasi mlangoni haina mikono. Lakini nilikuwa kijana niliyependa hoja. Nikamwambia kwamba ratiba haijabadilishwa, na Bwana Kengele anaifuata ratiba kuliko mtu yeyote aliyewahi kuishi. Kwa hiyo Jumamosi ipo. Hoja haikuwa na kasoro. Hata leo naitazama siioni kasoro. Akaniuliza tena, na mdomo haupigwi? Nikamjibu, haupigwi.

"Basi nitasema," akasema. "Nawe ndiye utakayempa kwa lugha yake. Usiniharibie."

Bwana Kengele aliingia saa nne kamili, akaketi, akaweka saa yake ya mfukoni juu ya meza, akaniambia kwa Kidachi niulize nani ana neno. Mwalimu Kombo alikuwa amesimama mlangoni. Ubaoni maneno ya wiki yalikuwa hayajafutwa. Ndahani alisimama. Alichomoa penseli sikioni, akailaza juu ya dawati taratibu, kama mtu anayevua viatu kabla ya kuingia msikitini, ingawa hakuwa mtu wa msikiti. Kiswahili chake kilikuwa kizito, r na l zikibadilishana viti, lakini hakuna neno hata moja lililoanguka.

"Bwana, mimi siandiki uongo kwa mwandiko mzuri. Wewe ulikuja Dodoma kwa gari la moshi. Tuta la reli hiyo baba yangu alilibeba kichwani, kikapu kwa kikapu, na bega la kaka yangu lilivunjwa na chuma chake. Kama Mgogo hapendi kazi, basi wewe ulikuja kwa miguu. Na aliyetunga maneno haya ndiye mvivu, maana hakutoka nje akatazama."

Juu ya paa mbuzi walikuwa wakitembea. Bwana Kengele, aliyekuwa ameambulia "Bwana" na "Dodoma", alinigeukia akaniuliza anasema nini.

Tafsiri nilikuwa nayo. Hili ndilo watu hawawezi kuamini kwa mtu aliyeshikwa na woga, lakini sarufi haikunikimbia hata kidogo. Niliona kila neno la Kidachi limekaa kwenye kiti chake, na kitenzi mwishoni kikingoja kuitwa. Lakini pia nilikiona kiboko. Sikukiona juu ya mgongo wa Ndahani tu. Nilikiona juu ya wangu, kwa kuwa mdomo utakaotoa maneno yale kwa lugha anayoielewa utakuwa mdomo wangu. Mlangoni Mwalimu Kombo alikohoa. Nikachuja. Nikasema, kwa heshima, kwamba Ndahani anaomba apewe maneno mengine, kwa sababu haya ni mengi na mkono wake umechoka.

Bwana Kengele alitabasamu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu, na lilikuwa tabasamu la mwalimu ambaye mfano wake umejitokeza wenyewe. Aliinua fimbo yake akaigusisha ubaoni, chini ya yale maneno, neno baada ya neno, akinitazama mimi kama msomi mwenzake. Unaona, aliniambia. Kisha, bila hasira, kama mtu anayeandika dawa, akaagiza Ndahani apelekwe bomani akapewe hamsa ishirini, ili mkono wake upate nguvu.

Ndahani hakujua Kidachi. Aliona nimesema, akaona Mzungu ameinua fimbo kwenye maneno ambayo yeye ameyakataa, akaelewa alivyoweza kuelewa: kwamba nimesema yote, na Mzungu anashikilia uongo wake. Alitoka kati ya askari wawili kichwa kikiwa juu. Aliponipita alinikubalia kwa macho. Nimewahi kupewa heshima nyingine baadaye, vyeti na viti vya mbele, na zote nazipima kwa mtazamo ule, na zote ni nyepesi kuliko aibu uliyoniletea.

Darasa lilipotoka Mwalimu Kombo alinivuta kando, akaniambia kwamba nimechuja vizuri. Amechapwa kwa uvivu, alisema. Angechapwa kwa jeuri wangemtia mnyororoni pamoja na wafungwa, na wewe ungekwenda kumshikia upande wa pili. Huenda alisema kweli. Nimekaa na kauli hiyo miaka mingi, na kila ninapotaka kuipokea kama faraja nakumbuka kwamba wakati ule nilikuwa nimefikiri upande wa pili wa mnyororo kabla ya upande wa kwanza. Jioni, tukila ugali, mmoja wa vijana wa pwani alisema tulivyoahidiwa ni kweli, mdomo haukupigwa. Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyenitazama. Jumamosi iliyofuata Bwana Kengele aliweka saa mezani akauliza nani ana neno. Tukakaa kimya mpaka saa ikaisha, naye akaandika katika kitabu cha shule kwamba wanafunzi wameridhika.

Ndahani hakurudi. Walimtoa bomani akaenda moja kwa moja kwao, na mimi nilipata ruhusa nikamfuata Makutupora kwa miguu, nikipita kwenye mashamba makavu yaliyokwisha kutayarishwa kwa mvua, majani yameng'olewa na kuchomwa, mawe yamekusanywa mafungu mafungu, kazi ya watu wasiopenda kazi. Nilimkuta amelala kifudifudi juu ya ngozi ya ng'ombe ndani ya tembe yao, mama yake akimpaka samli mgongoni. Nilimwamkia mama shikamoo. Akaniitikia, akanipa kigoda, akaniletea maziwa mgando katika kibuyu. Hakuniuliza mimi ni nani, alikwisha kuambiwa. Alinipa kibuyu kwa mikono miwili.

Nilikuwa nimekuja kusema. Njia nzima nilikuwa nimepanga maneno, hata nikayapanga vizuri. Lakini Ndahani aligeuza uso juu ya ile ngozi akatangulia.

"Ulimpa yote?"

"Yote."

"Hata ile ya kuja kwa miguu?"

"Hata hiyo."

"Akasemaje?"

"Hakuwa na la kusema."

Alicheka, na kicheko kikamuuma, mama yake akamkemea kwa Kigogo. Akapumua kwa meno. "Basi haidhuru," akasema. "Mgongo utapona. Ningeumia kama ningechapwa bure."

Nilikunywa maziwa yote. Niliondoka kurudi Dodoma jua likiwa bado juu.

Muda uliobaki wa mwaka ule naweza kuueleza kwa ufupi, maana ulinitendea wema mno. Bwana Kengele alimwandikia mkubwa wake kwamba katika shule kuna Mrangi mmoja anayetafsiri vizuri na kwa adabu. Barua hiyo ikapanda ngazi za watu nisiowajua, na kabla ya mavuno nilikuwa ndani ya meli nikipelekwa Udachi kuwa msaidizi wa lugha katika chuo kikuu. Huko nilisoma, kama watu wanavyopenda kusema wakinitambulisha mikutanoni. Kwa kweli nilikaa kiti cha mbele nikitamka "mtu, watu, mti, miti" kwa ajili ya maafisa wanaokwenda makoloni, na walipotoka mimi nilibaki nikisikiliza masomo ya wengine bila kufukuzwa, kwa kuwa walidhani mimi ni sehemu ya vifaa. Siku moja niliingia katika ukumbi ambamo profesa mzee alikuwa akiwaeleza wanafunzi wapya haki zao, ile ya kale ya kusema fikira zao ndani ya chuo bila kuogopa. Kumbe Bwana Labda hakuitunga. Vijana walipiga meza kwa vifundo vya vidole, kama desturi yao ya kushangilia. Mimi nilikuwa nyuma, nimefumba macho, nikiitafsiri hotuba ya Ndahani. Nilikuwa nimegundua kwamba neno nililokuwa nimelichagua kwa "mvivu" ni dhaifu, lipo lingine kali zaidi. Nililibadilisha. Katika miaka ile, na miaka ya vita iliyonikwamisha huko, niliisahihisha hotuba ile mara nyingi kuliko maandishi yangu yoyote. Ndiyo kazi yangu bora kabisa na haina msomaji.

Niliporudi, Wadachi walikuwa wamekwenda na Waingereza wamepanga vitu vyao mezani. Ndahani alikuwa mtu mzima mwenye ng'ombe na watoto, na zaidi ya hayo alikuwa msemaji. Kisima kikitakiwa, kodi ikizidi, mzungu mpya akija na fikira mpya juu ya mifugo, watu wa Makutupora walimtanguliza yeye, kwa sababu huyo ndiye aliyemwambia Mdachi usoni. Nilimwona mara moja mbele ya bwana shauri wa Kiingereza: hakupandisha sauti, hakuinama, na kisima kikachimbwa. Basi ningemwambia nini? Ujasiri wake ulikuwa wake, sikumpa mimi. Lakini imani yake kwamba neno likisemwa linafika, hiyo niliijenga kwa uongo wangu juu ya kile kigoda, na kila mwaka kijiji kiliongeza tofali juu yake. Kila nilipomtembelea aliniita mbele ya wageni, akisema, "Muulizeni huyu Mrangi, yeye ndiye aliyempa Mdachi." Nami niliitikia kwa kichwa. Kuitikia kwa kichwa si kusema, nilijiambia. Msomi hakosi mlango wa nyuma.

Nilifika Makutupora wakati wamekwisha kumzika. Watu walikuwa wamekaa chini uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, na mdogo wa marehemu, mzee mwenye sauti kavu, alikuwa akieleza maisha ya ndugu yake kwa Kiswahili kwa ajili yetu tuliotoka mbali. Alipofika kwenye shule ya Wadachi alisimulia yote, tuta la reli, bega la kaka yao, na kuja kwa miguu. Wazee waliyajua maneno, midomo yao ilikwenda pamoja naye. Kisha akanigeukia. Alisema kwamba wao wote wameyasikia kwa Kiswahili na kwa Kigogo, lakini hakuna kati yao aliyewahi kuyasikia kama Mdachi mwenyewe alivyoyasikia siku ile. Akaniomba, kwa heshima ya marehemu, niyaseme kwa lugha ile.

Nilisimama. Nikayasema. Niliyasema polepole, yote, bila kuchuja, mwandiko mzuri na uongo, kikapu kwa kikapu, na lile neno kali la mvivu mahali pake, na mwishoni kabisa kitenzi, nacho kikashuka kama mlango unaofungwa. Ilikuwa mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwa mtu kwa Kidachi, na pale uani hapakuwa na hata mmoja aliyekijua. Walisikiliza mpaka mwisho kwa utulivu mkubwa. Wazee wakaitikia kwa vichwa.

Mjane wake, aliyekuwa ameinama muda wote, aliinua uso akaniuliza, "Shemeji, ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo," nikamjibu.

"Lugha yao ngumu," akasema. "Ndiyo maana hawakuelewa."